Sumu Isiyojua Mipaka

Katika miaka ya 1980, watafiti walipima maziwa ya akina mama Wainuiti, wenyeji wa asili wa Aktiki (eneo la Ncha ya Kaskazini), huko Nunavik, kaskazini ya mbali ya Quebec, Kanada. Walitafuta maziwa safi ya kulinganishia na ya akina mama wa kusini. Wakakuta PCB, kemikali ya mafuta ya transfoma za zamani, mara tano hivi zaidi ya kusini. Nunavik haijawahi kuwa na kiwanda cha kuitengeneza.

PCB hugeuka mvuke penye joto, ikachukuliwa na upepo, ikatua penye baridi. Huko huingia kwenye viumbe vidogo vya bahari, kisha samaki, kisha sili na nyangumi, ikizidi kila hatua kwa sababu hujificha kwenye mafuta ya mwili. Mama anayekula sili anakula chakula cha bibi zake. Wanaomshauri aache wanamwadhibu kwa kosa la wengine.

Ndiyo maana nikisoma sheria za Aktiki nazisifu na bado roho haitulii. Svalbard, visiwa vya Norwei, vina sheria yake ya mazingira ya 2001, na chini yake kanuni za kemikali, taka na maji taka. Zinahitajika kweli. Ardhi imeganda, mabomba hupita juu ya ardhi, na kitu kikitupwa kwenye baridi ile huchelewa mno kuoza. Hata hivyo mji wa Longyearbyen ulimwaga maji taka yake horini kwa miaka mingi bila kuyasafisha. Uchache wa watu si kisingizio.

Lakini kanuni hizo, hata zikifuatwa zote, haziuzuii upepo.

Januari 1999, kwenye mazungumzo ya Umoja wa Mataifa jijini Nairobi ya kutafuta mkataba wa kudhibiti sumu kama hizi, kiongozi wa Wainuiti Sheila Watt-Cloutier alimkabidhi mkuu wa UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa), Klaus Töpfer, kinyago cha mama na mtoto. Mkataba huo, wa Stockholm, ukapatikana 2001, na utangulizi wake unaitaja Aktiki kwa jina. Kenya na Tanzania ni wanachama. Unataka vifaa vyenye PCB viondolewe kazini ifikapo 2025, na taka zake zishughulikiwe kwa njia salama ifikapo 2028.

Kwa hiyo transfoma kuukuu inayovuja nyuma ya karakana Mombasa au Mwanza inamhusu mama wa Nunavik. Nataka serikali zetu zitangaze hadharani zimebaki ngapi, ziko wapi, na mafuta yake yanapelekwa wapi.