Mbwa Mkubwa, Mbwa Mdogo na Koki Yangu

Usiku wa kuamkia jana wameiba koki ya bomba la uani kwa mara ya tatu mwaka huu, na sasa hata mke wangu, ambaye hubishana nami mpaka juu ya leo ni siku gani, amekubali kwamba nyumba yetu ya Goba inahitaji mbwa. Tulichoshindwa kukubaliana ni umri wake.

Yeye anataka mtoto wa mbwa, atuzoee tangu mdogo. Nilimweleza, kwa utulivu unaostahili baba mwenye nyumba, kwamba mtoto wa mbwa hula mara tatu au nne kwa siku, idadi ambayo mimi mwenyewe sijaifikia tangu Januari. Kwamba chanjo zake hurudiwa kila baada ya wiki chache, na ya kichaa cha mbwa huja akitimiza miezi mitatu. Na kwamba anapobadilisha meno, kuanzia mwezi wa nne hivi, hutafuna chochote, nami nina jozi moja tu ya viatu vya kazini. Tena huyo mlinzi, mpaka akue, atalindwa na nani?

Basi jana hiyohiyo nikaenda Kimara kwa mzee mmoja anayehamia kwa mwanawe na kutafuta wa kumwachia mbwa wake wa miaka mitano. Nilidhani nakwenda kuchagua mbwa, kumbe nimeitwa kwenye usaili. Nikiwa sijamaliza shikamoo, mzee alivaa miwani, akafungua daftari, akaniuliza ukuta wangu una kimo gani, mshahara huingia tarehe ngapi, na kama kwangu hupikwa dagaa wenye mchanga, kwa sababu Simba hawali.

“Sisi tunawala,” nikajibu.

Akaandika jambo. Simba mwenyewe alifumbua jicho moja, akaninusa kiatu, akapiga mwayo, akalala tena.

“Mwanangu,” mzee akasema, “mpe wiki mbili akufikirie.”

Mimi! Mtu mzima, watoto wanne, kiwanja kina hati, nifikiriwe na mbwa anayechagua dagaa!

Jirani amenishauri niachane na mbwa wote, nibandike tu kibao cha “Mbwa Mkali” getini. Nilikibandika mwaka jana. Kiliondoka na koki. Kwa sasa bomba nimeliziba kwa gunzi, na kila simu inapolia naikimbilia, huenda Simba ameamua.