Fungueni mlango wa bustani

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye darasa la mazingira na sanaa katika jumba la makumbusho lililo karibu nasi. Tangazo lilisema watoto watachora viumbe wa bustanini. Bustani ipo, nyuma ya jengo hilohilo, na siku ile vipepeo walikuwa wengi. Watoto wakaketishwa ndani, kila mmoja akapewa karatasi yenye kipepeo aliyekwisha kuchapishwa, wajaze rangi bila kuvuka mistari. Binti yangu alimaliza upesi, akaninong'oneza: "Mama, tunaenda kuwaona saa ngapi?" Hatukwenda. Muda uliisha, mlango wa bustani ukabaki umefungwa.

Wiki nzima jambo hili limenikaa rohoni.

Karatasi ile inamwambia mtoto kwamba kazi ya kutazama imeshafanywa na mtu mwingine. Tena ilifanywa vibaya: vipapasio vya kipepeo yule vilijiviringa mbele kama koili, ilhali kinachojiviringa kwa kipepeo ni mrija wake wa kunyonyea maji ya maua. Vipapasio vyake vimenyooka na vina kinundu nchani. Nondo wengi hawana kinundu hicho, na wengine vipapasio vyao vimechanua kama unyoya. Mtoto wa miaka saba anaweza kuliona hilo peke yake akipewa nafasi.

Mwekee mtoto sisimizi aliyekufa juu ya karatasi nyeupe, mpe lenzi na penseli. Mara ya kwanza miguu ataisambaza mwili mzima, na mingi ataibandika tumboni kwa kuwa tumbo ndilo analoliona kubwa. Mwambie atazame tena. Atanyamaza, atainama, kisha atakuita kwa sauti: yote sita inatoka kifuani! Shuleni niliimba "kichwa, kifua, tumbo" na mtihani nikaufaulu, lakini nilikuja kuiona miguu hiyo nikiwa mtu mzima, penseli ikiwa mkononi. Mkono unaochora hulilazimisha jicho kuuliza.

Maria Sibylla Merian, mchoraji na mtafiti wa wadudu mzaliwa wa Ujerumani, alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa na miaka 13, zama ambazo watu wengi waliamini wadudu huzuka tu kwenye matope na uozo. Alichora kiwavi, pupa na kipepeo pamoja, juu ya mmea uleule ambao kiwavi anaula. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda meli na binti yake mdogo kwenda Suriname, Amerika Kusini, kuwatazama wadudu wa huko wakiwa hai. Hakuridhika na waliokaushwa kwenye makabati ya matajiri wa Amsterdam. Sayansi na sanaa zilikuwa kazi moja mezani pake. Sisi tumezitenganisha, halafu tunashangaa watoto wanachoka na zote mbili.

Najua hoja za upande wa pili. Wanaoongoza madarasa haya wengi wanajitolea, watoto ni wengi, na sampuli za makumbusho hazishikwi ovyo. Bawa la kipepeo ukiligusa, magamba yake yanabaki kidoleni kama vumbi. Haya, nakubali. Lakini jani lililodondoka linahitaji ulinzi gani? Ganda tupu la konokono je? Anna Atkins, Mwingereza mtaalamu wa mimea, kuanzia mwaka 1843 alilaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, akaianika juani, akaisuuza kwa maji, na umbo likabaki jeupe kwenye buluu nzito. Karatasi za namna hiyo zinatengenezwa mpaka leo, na jua ni la bure.

Na wazazi msituweke nje tukisubiri. Katika darasa jingine, zamani kidogo, mwongozaji alituita sote mezani. Babu mmoja aliyemleta mjukuu wake akachukua jani, akalifikicha, akalinusa, akataja jina la mti huo kama alivyofunzwa na mama yake. Mwongozaji akaliandika kwenye kadi, chini ya lile la Kilatini. Mwaka 2022, jijini Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha maana mpya ya makumbusho inayotaja ushiriki wa jamii. Mimi nikisoma neno hilo, ushiriki, namwona babu yule na vidole vyake vyenye kijani.

Nimeshawaandikia waandaaji. Nimeomba nusu saa tu bustanini, na kundi moja la watoto nitalisimamia mwenyewe. Binti yangu naye ana maandalizi yake: amemhifadhi kwenye kiberiti kitupu nondo aliyemkuta amekufa dirishani, amelala juu ya pamba. Anataka kumwonyesha dada anayeongoza darasa vipapasio vyake.