Tundu la Milimita 150

Michoro ya maji ya mvua ya kiwanja imerudi kutoka ofisi ya vibali. Mara ya tatu. Ukurasa wa nane, wino mwekundu, maneno manne: “Maji haya yanakwenda wapi?”

Chini, mheshimiwa. Maji yanakwenda chini. Tangu dunia iumbwe hayajapanda ngazi.

Lakini mtu mzima mwenye mhuri wake hajibu hivyo. Mtu mzima anavuta kiti, anashusha miwani, anatoa kikokotoo. Kiwanja ni nusu hekta, mvua milimita 100 kwa saa. Zidisha mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywea ardhini) kwa mvua kwa hekta, gawa kwa 360, umepata mita za ujazo kwa sekunde. Kilipokuwa majani na vichaka, mgawo 0.3, kilitoa lita 42 kwa sekunde. Ezeka mabati, mwaga lami, mgawo unaruka mpaka 0.9, na wingu lile lile linakuletea lita 125. Kibali kinataka jirani wa bondeni asijue kama umejenga: zitoke 42 zile zile za zamani. Zilizobaki 83, kila sekunde, uzitafutie pa kulala: bwawa la kushikilia maji, lenye tundu dogo la kuyatoa polepole. Mvua ya dakika 20 tu, hizo ni karibu mita za ujazo 100. Na hapo nimehesabu kwa huruma, maana tundu la kutolea halifikishi lita 42 mpaka bwawa lijae. Ongeza ukubwa wa bwawa, ndugu yangu. Ongeza tena.

Sasa hilo tundu. Kipenyo milimita 150, na maji yakisimama sentimita 80 juu ya kitovu chake, yanatoka lita 42. Kwenye karatasi ni raha tupu. Kisha anafika fundi.

“Injinia, hapa umekosea.”

“Sijakosea, fundi.”

“Maji yote yale yapite hapa? Hapa hata paka hapiti.”

“Ndiyo maana yake.”

“Yatajaa!”

“Yajae, fundi. Bwawa kazi yake kujaa.”

Anakutazama kama anayetazama mgonjwa aliyetoroka wodini. Maisha yake yote amelipwa ili maji yaondoke haraka, leo unamlipa ayacheleweshe. Anamwita msaidizi wake aje aone. Msaidizi anachungulia tunduni kwa jicho moja, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Wanashauriana kwa sauti ya chini, kama wazee wa ukoo kwenye posa iliyoharibika. Wewe unaeleza habari za jirani, za mtaro wa jiji, za kibali. Wanaitikia “sawa, sawa.” Hizo sawa mbili zikifuatana, jua hakuna iliyoingia.

Simu inaita, unageuka dakika mbili. Ukirudi, ukutani kuna bomba la 200, limeshakandikwa saruji, linameremeta.

“Nimekuongezea hamsini, injinia. Bure.”

Bure! Hamsini! Eneo la duara linakua kwa mraba wa kipenyo, fundi! Kutoka 150 hadi 200 si theluthi, ni asilimia 78! Zile 42 sasa, kwa kimo kile kile cha maji, ni 75, na bwawa ulilochimba kwa jasho halitajaa kwa mvua ile. Litabaki shimo la kifahari, mafuriko kwa jirani. “Si ndiyo vizuri, halijai?” anauliza fundi, na mkaguzi ndiyo kwanza anashuka kwenye gari na futi mkononi.

Dawa ni kutomwachia tundu. Litobolewe karakana kwenye bamba la chuma, ulifunge kwa bolti juu ya bomba kubwa analolipenda. Mbele weka wavu mpana mara kadhaa kuliko tundu, kwa kuwa mfuko mmoja wa plastiki unatosha kulifunga. Na likiziba? Ndiyo sababu ya njia ya dharura juu ya bwawa. Maji yakipita humo kwa wingi, ukingo wa bwawa ubaki walau sentimita 30 juu yake.

Pazia la kuzuia tope, kitambaa cha kuchuja maji ya eneo la ujenzi, nalo linatundikwa kukatiza mtaro kama pazia la sebuleni. Lifuate kontua, yaani mstari wa kimo kimoja cha ardhi, ncha ya chini ifukiwe sentimita 15, tope likifika theluthi ya kimo lizolewe. Mtaroni linasimama mpaka mvua ya kwanza. Kokoto za langoni za kukung'uta tope la magurudumu, mita 15, unene sentimita 15, juu ya kitambaa chake: lori linapita pembeni. Vitofali vinavyopitisha maji: mtu wa bustani kamwaga udongo wake juu yake, vikaziba hapo hapo.

Na mwenye mradi: “Hiyo mvua ya miaka 100 si ilinyesha mwaka juzi? Tumebakiwa na 98.” Hapana, bosi. Ni asilimia 1 kila mwaka, haikumbuki ilikuja lini. Kwa miaka 30 ni kama asilimia 26. “Kumbe ndogo,” anasema.

Imebaki fomu ya matunzo. Nani atasafisha wavu baada ya kila mvua kubwa? Bosi kaandika “mlinzi.” Mlinzi hajaulizwa. Bwawa lisipokauka ndani ya saa 72 mbu wanazaliana, na kabla hata bamba halijafungwa vyura wameshahamia. Hawana mchoro wala mhuri, wanaimba usiku kucha, na hakuna aliyewauliza maji yanakwenda wapi.