Uvimbe kwenye Tundu la Jicho la Kichanga: Picha Itangulie Sindano

Mtoto anapozaliwa na uvimbe unaosukuma kope, wazazi hutaka uondolewe siku hiyohiyo, na mhudumu aliyezidiwa na macho ya ndugu wote wodini anaweza kushawishika kuutoboa kwa sindano. Msimamo wangu ni kwamba sindano hiyo isiguswe kabla ya kupiga picha ya kitabibu ya ndani ya uvimbe.

Vifuko vya maji vya tundu la jicho havina asili moja. Kuna kinachotokea wakati mpasuko wa chini wa jicho linaloumbika unaposhindwa kufunga kati ya wiki ya 5 na ya 7 ya mimba. Jicho hubaki dogo mno, na kifuko kilichoungana nalo hutuna chini yake, mara nyingi kikiipa kope ya chini rangi ya samawati. Kuna kinachoanza mapema zaidi, ambapo jicho lenyewe halijengeki na kifuko kikashika nafasi yake. Teratoma, yaani uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu za aina mbalimbali, ni jambo jingine, kwani hukua haraka na huweza kulitoa jicho nje. Ninaouhofia kuliko yote ni uvimbe ulio karibu na mzizi wa pua unaojaa mtoto anapolia, maana huenda ni utando wa ubongo, pengine pamoja na ubongo wenyewe, uliopenya kwenye ufa wa mfupa. Ukitobolewa, maji ya ubongo huvuja na vijidudu hupata njia ya kuingia.

Ultrasaundi, kipimo ambacho hospitali nyingi za wilaya zinacho, huonyesha kama ndani kuna maji au nyama na kama jicho lipo. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, hueleza uhusiano na ubongo. CT, picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, huonyesha mfupa vizuri, lakini kwa mionzi ambayo kichanga asipewe bila sababu. Jicho la pili, moyo, masikio na figo navyo vichunguzwe.

Katika matibabu, subira ina sababu ya kitaalamu. Mfupa wa tundu la jicho hukua kwa kusukumwa na kilichomo, kwa hiyo kifuko kisichokua kwa kasi na kisicholeta madhara kinaweza kuachwa kifanye kazi hiyo chini ya uangalizi wa bingwa, kisha kitolewe baadaye na mtoto awekewe jicho la bandia, litakalobadilishwa kadiri anavyokua. Kukiondoa mapema bila kuweka kitu mahali pake ni kuuacha upande mmoja wa uso udumae. Maji yanayovutwa kwa sindano mara nyingi hurudi. Teratoma haingoji hivyo. Huhitaji upasuaji wa mapema.

Wazazi waambiwe wazi kwamba jicho dogo lenye kifuko kwa kawaida haliwezi kuona vizuri, na kwamba mama hakusababisha hali hiyo kwa alichokitazama au kukila akiwa mjamzito. Lawama hizo ni ukatili, na mhudumu azikanushe mbele ya ndugu. Ikiwa jicho la pili ni zima, lilindwe kwa miwani imara ya kukinga mara mtoto atakapoweza kuivaa, hata kama haihitaji kwa kuonea.