Treni ya abiria si mzigo kwa TAZARA

Tangu mwaka 2025, ulipotiwa saini mkataba wa kuikabidhi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa kampuni ya Kichina ya CCECC kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4, hapa Mbeya swali ni moja: reli ibebe mizigo tu, au treni ya abiria nayo ibaki?

Wanaotaka mizigo kwanza wana hoja. Reli haijawahi kubeba mizigo yote iliyosanifiwa kuibeba. Shaba ya Zambia isiyopata behewa inapanda lori, na matokeo yake tunayaona kwenye foleni za Tunduma na kona za Kitonga. Treni ya abiria inachelewa na haijilipi. Mwekezaji naye anataka fedha yake irudi.

Tatizo ni kuiegemea shaba mno. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ifike bandari ya Dar es Salaam bila kupita Rhodesia (Zimbabwe ya leo), iliyotawaliwa na walowezi wachache. Ilikabidhiwa 1976. Oktoba 1978 Zambia ikafungua tena njia hiyohiyo ya Rhodesia! Ubaguzi wa rangi ulipokwisha, bandari za Afrika Kusini nazo zikawa huru kwa kila mteja. Leo kuna njia ya reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, inayopigiwa debe na Marekani na Ulaya. Mwenye shaba hufuata njia nafuu, na hakuna wa kumlaumu.

Msafiri wa Mlimba, bondeni Kilombero, hana Lobito. Kutoka Mlimba hadi Makambako reli inakwea mlima kwa madaraja na mahandaki, na huko treni ndiyo barabara. Mchele wa Kilombero unapanda nayo, viazi na maharage ya nyanda za juu yanashuka. Shaba ilipopungua, wafanyabiashara hawa wadogo waliendelea kujaza mabehewa. Ukiipima reli kwa tani za shaba peke yake, huwaoni kabisa, na usiyemwona ni rahisi kumfutia stesheni.

Kwa hiyo mkataba utaje idadi ya chini ya treni za abiria kwa wiki zinazosimama vituo vidogo. Pengo la gharama lizibwe na serikali mbili zinazoimiliki reli nusu kwa nusu, si kwa kumpandishia nauli mama wa magunia mawili ya mchele.