Maiti tunamsitiri, mzee hai tunamvua

Huku kwetu Tanga, Mwislamu akifariki haoshwi uchi. Anatandazwa shuka, mkono wa mwoshaji unapita chini yake umevikwa kitambaa, na maji yanamiminwa taratibu. Hakuna anayeuliza kwa nini tunajisumbua hivyo ilhali mwenyewe hasikii tena. Sasa pita alfajiri kwenye nyumba yenye bibi wa miaka 80 aliyepoteza kumbukumbu. Mmoja kamshika mikono, mwingine anavuta gauni, wa tatu anammwagia kopo la maji kichwani, na bibi anapiga mayowe kwamba anauawa. Jirani akiuliza kulikoni anajibiwa, "Anaogeshwa tu." Yanaishia hapo.

Mimi nasema kuogesha kwa namna hiyo kuachwe, hata kama bibi atashinda leo bila kuoga.

Tuseme ukweli kuhusu haraka hii inakotoka. Mtu wa pwani huoga asubuhi na jioni. Mzee akikutwa ananuka mkojo, maneno yanawageukia watoto: wamemtupa mama yao. Kwa hiyo mara nyingi ndoo ile ya alfajiri ni ya wageni kuliko ya mgonjwa. Ngozi ya mzee ni nyembamba na kavu, na haihitaji sabuni mwili mzima kila siku. Kuoga kamili mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha. Siku nyingine asafishwe uso, mikono, kwapa, chini ya matiti, sehemu za siri na miguu, kisha akaushwe vizuri kwenye mikunjo ili fangasi wasipate makazi. Anayejikojolea asafishwe kila anapobadilishwa nguo, hilo halina mjadala, ila kumsafisha huko hakuhitaji vita.

Na kukataa kwake si ukaidi. Kuoga ni mlolongo mrefu: kuvua, kuchota, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kujifuta, kuvaa. Demensia, yaani ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu, inaukata mlolongo huo katikati. Anaposema "nimeshaoga", hadanganyi, kwake yeye ameoga kweli. Pua haimwambii kitu, kwa sababu kunusa nako hupungua. Magoti yanauma. Sakafu nyeusi iliyolowa anaweza kuiona kama shimo. Juu ya hayo yote, binti anayemvua nguo anaweza asimjue, maana kichwani mwake binti yake bado ni mtoto wa shule ya msingi. Mtu mzima ameamshwa na wageni wanaomvua nguo kwa nguvu. Nani asingeng'ata?

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililofanyika katika nyumba za wazee huko Oregon na North Carolina, likihusisha wagonjwa 73. Kundi moja waliogeshwa bafuni kwa kufuata mapendeleo ya kila mmoja. Jingine walisafishwa kitandani wakiwa wamefunikwa taulo kubwa za uvuguvugu zilizoloweshwa sabuni isiyohitaji kusuuzwa. Matukio ya kupiga, kung'ata na kusukuma yalipungua kwa asilimia 53 kwa kundi la bafuni na asilimia 60 kwa kundi la taulo. Niliposoma nilicheka. Mama zetu wameoga mtoni na khanga kifuani tangu lini? Dawa ya Oregon iko kwenye sanduku la bibi, doti nzima.

Kwetu, kwa bibi yetu mwenye ugonjwa huu, tunafanya hivi. Maji yanapashwa kwanza na kupimwa kwa kiwiko, si kwa kiganja kilichozoea sufuria. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, chini pametandikwa mpira usioteleza. Khanga moja mabegani, nyingine mapajani, na mkono unapita chini yake. Tunaanza na miguu, tunapanda polepole, uso mwishoni. Kichwa kina siku yake, maana maji yakimshukia kichwani kila kitu kinaharibika. Dodoki anashika mwenyewe, ajisugue atakavyo. Wakati ni baada ya adhuhuri, jua likiwa kali. Walio kwenye baridi ya Lushoto au Njombe itabidi wawashe jiko la mkaa mapema wapashe maji mengi zaidi, lakini jiko lenyewe libaki nje, hewa yake ya sumu inaua.

Neno "kuoga" tumeliacha kabisa. Tunamwambia, "Bibi, twende tukatawadhe." Ameswali tangu utotoni, na mikono yake inakumbuka udhu hata pale anapolisahau jina langu. Akishanawa mikono na miguu, mwili uliobaki hausumbui sana. Sipendi uongo mkubwa, lakini. Kuna wanaomwambia mzee kuna harusi leo, aoge avae. Anaoga kweli, kisha anashinda mlangoni akisubiri gari.

Akianza ghafla kupiga kelele ukimgusa, wakati juzi alikuwa ametulia, usiseme ugonjwa umezidi. Tazama kama ana homa, kidonda, jino bovu au anaumia akikojoa, umpeleke hospitali. UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) peke yake inaweza kumvuruga mzee ndani ya siku chache mno.

Wapo wanaoamini huu ni ugonjwa wa Ulaya, au kuna mkono wa mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea. Wachawi wangechoka.

Linaloniudhi zaidi ni swali la nani anaogesha. Kwenye nyumba nyingi ni binti ambaye hakuolewa, au dada wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufua. Hajafundishwa chochote. Akipigwa na mzee anaambiwa avumilie, akipiga kelele anafukuzwa. Watoto wa kiume wanasema ni mwiko kumwona mama, na kweli, kama mama mwenyewe anaona haya, mwiko huo uheshimiwe. Lakini mwiko haumzuii mtu kununua pempasi, kupasha maji, kufunga chuma cha kushikia bafuni, au kumwogesha baba.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea alisema mbele ya watu kwamba bibi hatunzwi. Mama hakubishana. Alimpa ndoo, khanga mbili na dodoki, akamwambia, "Wifi, Alhamisi ni zamu yako." Shangazi alikuja Alhamisi, akatoka bafuni amelowa mpaka kilemba, na bibi kavu. Ya pili akakubali kuonyeshwa.