Mwongozaji Akisema Turudi, Alipwe Vilevile

Sisi tuliokulia Malindi tumeuona Mto Sabaki ukifurika siku ambazo mjini halikuanguka hata tone moja la mvua. Jua linawaka, nguo zinakauka kambani, na bado maji mekundu yanapita chini ya daraja yakiburura magogo, hata bahari iliyo mbele ya mji ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Sababu yake inajulikana: Sabaki ni jina la mwisho tu la mto ambao huko juu unaitwa Galana, nao Galana huzaliwa pale Athi, unaotoka nyanda za juu karibu na Nairobi, unapokutana na Tsavo, unaopata maji yake pande za Kilimanjaro. Mvua ya Ukambani hutufikia sisi bila wingu.

Nalitaja jambo hili kwa sababu vijana wetu wanaopenda kutembea makorongoni huuliza, kabla ya kuondoka, kama kunanyesha huko waendako, na jibu likiwa hapana, hufunga mikoba. Korongo halijali mbingu iliyo juu yake. Limechongwa na maji yanayoteremka kutoka mbali, na kuta zake humzuia aliye chini kuliona wingu lililo nyuma ya mlima. Katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012, yakaua tena mwaka 2019.

Kwetu korongo mashuhuri ni la Marafa, ambalo Wagiriama wanaliita Nyari na watalii wamelipachika jina la Jiko la Jehanamu. Mvua na upepo vimeukata udongo wa mchanga ukabaki minara myeupe, ya waridi na myekundu, inayopendeza zaidi jua linapokaribia kuzama. Niliteremka humo mwezi wa Mei, katikati ya masika, pamoja na binamu zangu wawili. Hatukuwa tumefika mbali mzee aliyetuongoza alipotazama upande wa bara, akasimama. "Wanangu, leo tunaishia hapa." Binamu yangu mmoja alinung'unika kwamba tulikubaliana safari nzima. Tulipokuwa juu ukingoni, mkondo tuliouvuka kwa kuruka ulikuwa umejaa tope jekundu linalokwenda mbio.

Kuvuka maji kuna elimu yake, na sehemu kubwa ya elimu hiyo inapingana na macho. Jicho huchagua pahali pembamba kwa kuwa ng'ambo inaonekana karibu, kumbe hapo ndipo maji yamebanwa yakawa na kina na kasi. Penye upana, maji hutandaa yakawa mepesi. Viatu havivuliwi, kwa sababu mguu mtupu huteleza na kukatwa na mawe. Mikanda ya mkoba hufunguliwa ili ukianguka uuache uende zake, na fimbo hutangulizwa upande maji yanakotoka. Maji ya kasi yakipita magoti, mtu mzima hubebwa. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi naona hata uliyoyavuka asubuhi, jioni huyajui. (Sabaki, isitoshe, una mamba na viboko, kwa hiyo mazoezi hayo mtu asiyafanyie huko.)

Lakini elimu yote hiyo haina faida iwapo anayeijua analipwa kwa kufika mwisho wa njia. Mwongozaji anayepoteza ujira wake kila anaposema turudi tumemweka kati ya watoto wake na usalama wetu, kisha tunategemea achague vizuri. Ningependa ada yake iwe ya siku, ilipwe kabla ya kuteremka, na isirudishwe. Wapo watakaosema kwamba atakuwa mvivu, kwamba kila kiwingu kitakuwa kisingizio. Huenda mmoja akafanya hivyo, na mgeni atapoteza alasiri moja. Hasara hiyo naikubali.

Siku ile ya Marafa, baada ya majadiliano ya aibu kando ya gari, tulimpa mzee nusu ya pesa tulizokubaliana. Alizipokea, akatutakia safari njema, akatuonyesha njia isiyo na tope ya kurudi barabarani.